Uchambuzi wa kisa: Timu ya kuogelea ya watu wazima iliyotaka kuwa nafuu

Usuli

Kisa hiki kinahusu timu ya kuogelea ya watu wazima jijini Dar es Salaam. Jina la timu, la shule yenye bwawa na ya wahusika wote yameondolewa, na kazi za baadhi yao zimebadilishwa ili mtu asitambulike. Hesabu zimetoka kwenye daftari la mweka hazina. Niliitwa na kamati kukagua vitabu wakati timu imebakiza wiki chache kufa, na kamati imeridhia kisa kiandikwe ili vikundi vingine vipate cha kujifunza.

Timu ilianza na marafiki wachache waliokuwa wakikutana Jumamosi asubuhi, ikakua hadi majina 31 kwenye orodha. Walikuwemo wauguzi, walimu, maofisa wa benki, fundi umeme, mhadhiri, dereva wa kampuni ya utalii na mama mmoja mstaafu wa miaka 61. Karibu nusu yao walijifunza kuogelea ukubwani. Jambo hilo ni la kawaida Dar: mtu anazaliwa na kukulia mahali anaposikia bahari kila usiku, na anafika miaka 35 hajawahi kufundishwa kuelea. Kwa watu hao timu haikuwa anasa. Kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na mtu anayewaangalia wakiwa majini na kuwaambia, pumua sasa.

Kuogelea kwa watu wazima kuna nafasi yake rasmi. Shirikisho la dunia, World Aquatics, lina daraja la Masters kuanzia miaka 25, na washindani hupangwa kwa vipande vya miaka mitano mitano ili mtu wa miaka 52 asishindane na wa 28. Marekani ndiko mpango huu ulikotiwa nguvu mwanzo: mwaka 1970, mjini Amarillo, Texas, yalifanyika mashindano ya kwanza ya kitaifa ya namna hii, na msukumo mkubwa ulitoka kwa Ransom Arthur, daktari wa jeshi la majini aliyetaka watu wazima wapate sababu ya kuendelea na mazoezi. Mashindano ya kwanza ya dunia ya Masters yalifanyika Tokyo mwaka 1986. Katika mbio za kupokezana, kinachohesabiwa ni jumla ya miaka ya waogeleaji wanne. Kwa hiyo mwanachama mwenye umri mkubwa anatafutwa. Bila yeye, timu nzima inahamia kundi la vijana wenye kasi.

Lakini mchezo huu hauna mzazi wa kulipa karo wala mfadhili anayetafuta nyota wa kesho. Kila shilingi inatoka kwenye mfuko wa anayeogelea. Hilo lina uzito katika yote yatakayofuata.

Bwawa linakula nini

Ugomvi ulianzia kwenye kodi ya bwawa, kwa hiyo ni lazima kwanza ieleweke kodi hiyo inalipia nini.

Bwawa la shule hiyo lina urefu wa mita 25, upana wa mita 12.5 na kina cha wastani wa mita 1.5. Hayo ni takriban mita za ujazo 470, yaani lita 470,000. Maji hayo yanapaswa kuwa na klorini huru kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH (kipimo cha ukali wa asidi majini) kati ya 7.2 na 7.8. Jua la Dar linaila klorini kwa kasi. Ikishuka kwa miligramu 2 kwa lita, kuirudisha kunahitaji karibu kilo moja ya klorini halisi, ambayo ni takriban kilo moja na nusu ya unga wa asilimia 65 hadi 70 unaouzwa kwenye ndoo. Na hiyo ni siku ambayo hakuna aliyeogelea. Watu wakiingia na jasho, mafuta ya nywele na losheni, mahitaji yanapanda. Pampu ya shule ilikuwa ikitumia kama yuniti 40 kwa siku. Kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa yuniti, hizo ni shilingi 14,000 kila siku, watu waje wasije, kabla ya taa za usiku, kabla ya mshahara wa mtunza bwawa, kabla ya maji yanayomwagwa kila chujio la mchanga linaposafishwa.

Bwawa halijui kwamba leo wamekuja wawili. Gharama yake ni ileile kwa wawili na kwa ishirini. Kamati ilikuwa na wahasibu wawili ndani yake, na bado jambo hili halikuwahi kuwekwa mezani kabla bei haijapanda.

Hali ilivyokuwa kabla ya mgogoro

Mazoezi yalikuwa mara tatu kwa wiki: Jumatatu na Jumatano kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 2 usiku, na Jumamosi asubuhi. Mkataba na shule ulihesabu vipindi 13 kila mwezi, miezi yote ikichukuliwa sawa. Matumizi ya mwezi yalikuwa haya: bwawa shilingi 70,000 kwa kipindi, jumla 910,000, kocha 30,000 kwa kipindi, jumla 390,000, mwokoaji 15,000 kwa kipindi, jumla 195,000, vifaa na gharama ndogondogo 65,000. Jumla kuu ni 1,560,000.

Ada ilikuwa 60,000 kwa mwezi. Ukigawanya, unapata watu 26. Orodha ilikuwa na 31, na kwa kawaida walilipa 27 au 28. Kidogo kilichobaki kilikwenda akiba, na akiba ilikuwa imefika shilingi 1,100,000.

Bei inapanda

Mwishoni mwa mwaka shule iliandika barua: kuanzia Februari kipindi kitakuwa 95,000. Umeme, dawa za maji na ukarabati wa chujio vilitajwa. Matumizi ya mwezi yakaruka hadi 1,885,000. Kwa watu 26 hiyo ni 72,500 kwa kila mmoja.

Kikao cha kamati kilikuwa kigumu. Katibu, ambaye anawajua wanachama kwa undani kuliko wote, alisema ada ikifika 75,000 watu wa kipato cha chini wataondoka, na hao ndio timu ilianzishwa kwa ajili yao. Alikuwa akisema kweli tupu kutoka moyoni, na hakuna aliyempinga. Mweka hazina akaleta pendekezo ambalo lilionekana kutibu kila kitu: ada ya mwezi ifutwe, kila mtu alipie siku anayokuja, shilingi 7,000. Anayekuja mara moja kwa wiki atalipa chini ya 30,000 kwa mwezi. Anayekuja kila siku atalipa 91,000, lakini huyo anapata zaidi. Hesabu yake ilisema wakija wastani wa watu 22 kwa kipindi, timu itaingiza kama milioni mbili na itabakiwa na chenji.

Nimeipitia hesabu ile mara kadhaa. Haina kosa la kujumlisha. Kosa liko kwenye ile 22: ilitokana na mahudhurio ya Oktoba na Novemba, wakati wa ada ya mwezi, ambapo mtu alikuwa ameshalipa na alikuja ili pesa yake isipotee. Ukiondoa ada, umeondoa pia sababu hiyo ya kuja.

Februari hadi Aprili

Februari ilikwenda vizuri. Vipindi 12, wastani wa watu 23, makusanyo 1,932,000. Timu ilibakiwa na 47,000, na katika kundi la WhatsApp watu walipongezana. Sura mpya zilikuja, baadhi zikiletwa na marafiki, kwa sababu hakuna aliyetakiwa kujifunga kwa mwezi mzima.

Mwaka huo Ramadhani ilishika Machi karibu yote. Zaidi ya theluthi ya timu ni Waislamu, na kipindi cha jioni kiliangukia saa ya kufuturu. Jumamosi asubuhi nayo, mtu aliyefunga anaogopa kumeza maji. Wastani ukashuka hadi 14. Vipindi vilikuwa 14, makusanyo 1,372,000, pengo 513,000.

Aprili ikaja na masika. Mvua, foleni, barabara zilizojaa maji. Wastani ukawa 12, na vipindi viwili vilifutwa kwa sababu ya radi, kwa kuwa mwokoaji alikataa kabisa kuruhusu watu waingie majini, na alifanya vyema. Shule ilidai vipindi vyote 13 kwa mujibu wa mkataba. Makusanyo yalikuwa 924,000, pengo 961,000.

Kufikia mwisho wa Aprili akiba yote ilikuwa imekwisha na timu ilikuwa na deni la 327,000.

Kuna jambo daftari halionyeshi. Wale waaminifu, wanaokuja kila kipindi, walijikuta wanalipa 91,000 badala ya 60,000. Mmoja wao, mwalimu wa sekondari, alimwambia katibu: "Dada, zamani nikikosa Jumatano nilijisikia vibaya. Sasa nikikosa nimeokoa elfu saba." Hakuwa akilalamika. Alikuwa anaeleza tu jinsi bei mpya ilivyombadilisha, na kauli hiyo ilinisaidia kuliko safu zote za tarakimu.

Walioondoka walisema nini

Kabla ya kikao cha Mei niliiomba kamati ifanye jambo moja: kuwapigia simu walioacha katika miaka miwili iliyopita na kuwauliza sababu, kwa upole, bila kuwarudisha kwa nguvu. Katibu aliifanya kazi hiyo. Tisa walipatikana. Kila mwanakamati aliamini wengi wangetaja ada.

Waliotaja ada walikuwa wawili.

Wengine saba walitaja mambo ambayo hayamo kwenye bajeti ya timu. Muuguzi mmoja alikubali tuandike hesabu yake ya mwaka mzima, na naiweka hapa yote. Ada: 720,000. Usafiri: alikuwa anakuja kama mara tisa kwa mwezi, na kwa kuwa alitoka saa 2 usiku nywele zikiwa mbichi na mkoba mkubwa mgongoni, alirudi kwa bajaji, pamoja na nauli ya kwenda ilikuwa 7,000 kwa siku, yaani 756,000 kwa mwaka. Sare ya timu, pamoja na nguo ya kuogelea, kofia na fulana: 110,000. Safari moja ya kuogelea baharini Zanzibar, pamoja na boti, malazi na chakula: 280,000. Michango ya harusi, misiba, siku za kuzaliwa na zawadi za kuaga: kama 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000. Jumla 2,166,000.

Ada iliyogombaniwa kwa miezi mitatu ilikuwa theluthi moja ya gharama ya kuwa mwanatimu. Usafiri peke yake uliizidi.

Michango inastahili maneno zaidi. Kundi la WhatsApp la timu lilikuwa na desturi tunayoijua wote: orodha ya majina inabandikwa, anayetoa anawekewa kiasi na alama ya tiki mbele ya jina lake, orodha inabandikwa tena. Jina lako likikaa wazi siku tatu, watu 30 wanaliona. Muuguzi yule alisema, "Nilikuwa naweza kulipa ada. Nilichoshindwa ni kuonekana sijachanga." Aliacha kuogelea kwa sababu hiyo. Kisha akanunua bando na kujifunza yoga kwenye simu, peke yake chumbani.

Sare nayo ilikuwa na mkato wake. Nguo iliyochaguliwa ilikuwa ya kuogelea kwa mashindano, ya kubana na fupi. Wanawake wanne wanaovaa stara hawakuweza kuivaa, hivyo walinunua nguo yao ndefu kwa bei kubwa zaidi, na bado wakatakiwa kuchangia sare ili picha ya timu ikamilike. Wawili kati yao walikuwa miongoni mwa walioondoka. Hakuna mtu katika kamati aliyewakusudia mabaya; hakuna pia aliyewauliza.

Maamuzi ya Mei na sababu zake

Kikao kilikuwa na mapendekezo manne. La kwanza, kurudisha ada ya mwezi na kuipandisha hadi 75,000. La pili, kupunguza mazoezi hadi mara mbili. La tatu, kumwondoa mwokoaji, kwa hoja kwamba wote ni watu wazima na kocha yupo. La nne, kugawa ada sehemu mbili.

La tatu lilikataliwa kwanza, na nilisimama upande huo bila kusita. Kocha anaangalia mikono na pumzi ya mtu mmoja; hawezi wakati huohuo kuangalia kila aliye chini ya maji. Katika timu yenye watu waliojifunza juzi, shilingi 195,000 za mwokoaji ndizo za mwisho kuguswa. Mama wa miaka 61 alilimaliza kwa sentensi moja: "Wanangu, mimi mwokoaji akiondoka, naondoka naye."

Kilichopita ni la nne, kikiambatana na mazungumzo mapya na shule. Mantiki yake ilikuwa hii: gharama ambazo zipo hata asipokuja mtu zilipwe na pesa ambayo ina uhakika hata asipokuja mtu. Kwa hiyo kila mwanachama analipa 50,000 kwa mwezi, aje asije, na kisha 2,000 kwa kila kipindi anachohudhuria. Anayekuja mara nne analipa 58,000. Anayekuja vipindi vyote 13 analipa 76,000. Tofauti ipo, lakini si ya kumfanya mtu afurahie kukosa.

Kwa shule alikwenda mweka hazina pamoja na mama mstaafu, ambaye alimfundisha mhasibu wa shule darasa la saba. Salamu zilichukua muda, kama inavyopasa. Safari hii hawakwenda kulalamikia bei. Walikwenda na hesabu ya umeme na dawa, wakakiri kwamba bwawa lina gharama, wakauliza shule inahitaji nini. Shule ilihitaji pesa mapema na kwa uhakika, na ilikuwa na kikundi kingine, cha watu wa mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia, kilichotaka leni mbili, yaani njia mbili kati ya sita za kuogelea bwawani. Wakakubaliana: timu itumie leni nne badala ya sita, ilipe mwezi kabla haujaanza, na bei ya kipindi iwe 75,000.

Matumizi mapya yakawa 1,625,000 kwa mwezi. Bwawa na mwokoaji, ambavyo ndivyo vya lazima kuliko vyote, ni 1,170,000. Katika kila 50,000, shilingi 2,000 zinakwenda mfuko wa msiba na ugonjwa, zinabaki 48,000. Watu 25 wanatoa 1,200,000. Basi timu ikajua namba yake: chini ya wanachama 25, maji yenyewe hayalipiki.

Tarehe ya kulipa iliwekwa kuwa 28 ya mwezi unaotangulia, kwa sababu wakati huo mishahara ya wengi imeshaingia na kodi ya nyumba haijaimaliza. Anayesafiri au anayeugua anaweza kusimamisha uanachama kwa nusu ada, akitoa taarifa mwezi mmoja kabla. Mazoezi ya jioni yaliwahishwa kwa nusu saa ili watu watoke saa 1:30 usiku, na wenye magari wakaandika njia wanazopita kurudi nyumbani. Michango ya harusi na siku za kuzaliwa ikahamishiwa kundi la pembeni ambalo mtu anajiunga kwa hiari, na orodha za majina zikapigwa marufuku katika kundi la timu. Sare ikawa kofia tu. Kofia inamfaa kila mtu, hata juu ya kitambaa cha stara.

Deni lililipwa kwa mkopo wa ndani. Mei nzima timu ilifanya Jumamosi peke yake, kwa ridhaa ya shule, na wanachama wenye uwezo wakaikopesha 600,000 za kufunga deni na pengo la mwezi huo. Majina yao anayajua mweka hazina na mwenyekiti tu. Niliona hilo kuwa la busara kubwa: mkopo unaojulikana unampa mtu sauti ya ziada kikaoni, hata asipoitaka.

Matokeo

Juni ilikuwa ya wasiwasi. Walilipa 24, mmoja chini ya mstari, na wastani wa mahudhurio ulikuwa 13. Mapato yalikuwa 1,490,000, pengo 135,000. Kamati haikubadilisha kitu, na huo ulikuwa uamuzi wenyewe. Mwezi mmoja hautoshi kuhukumu utaratibu.

Kuanzia Agosti namba ilitulia. Desemba timu ilikuwa na wanachama 27 wanaolipa na wastani wa watu 16 kwa kipindi, mapato 1,712,000 na ziada 87,000. Nusu ya mkopo ilikuwa imerudishwa. Kati ya wale tisa waliopigiwa simu, watatu walirudi, akiwemo muuguzi. Anarudi nyumbani kwa gari la fundi umeme anayepita mtaa wao, na usafiri wake umepungua zaidi ya nusu.

Maofisa wawili wa benki waliondoka kwa sababu hawawezi kutoka katikati ya mji na kufika bwawani saa 12 jioni. Walikuwa waogeleaji wazuri na walipaji wazuri. Kusogeza muda pia kumeileta Magharibi katikati ya mazoezi. Shule imetoa darasa la kusalia, na kocha ameweka mapumziko ya dakika kumi hapo kwa watu wote.

Uchambuzi

Kulipia siku kunafaa mahali ambapo bwawa lina mwenye kubeba hasara, kama mabwawa ya umma yanayoendeshwa na halmashauri katika miji ya Ulaya. Pale, siku wakija watu watano, pengo linabebwa na kodi za wananchi. Timu ya kujitegemea haina mtu huyo. Ilipofuta ada ilijitwika hasara ya kila siku ya mvua bila kujua, na ilikuwa na akiba isiyotosha hata miezi miwili ya kubeba mzigo huo. Watu waliopanga hawakuwa wazembe. Walitaka mlango uwe mpana kwa wenye kipato kidogo, na nia hiyo ilistahili chombo bora zaidi.

Takwimu za mahudhurio ndizo zingeokoa mambo mapema. Kocha alikuwa akihesabu vichwa kila siku kwenye daftari lake mwenyewe, kwa ajili ya kupanga leni, na daftari hilo lilikuwa na Ramadhani na masika ya miaka iliyotangulia. Hakuna aliyemwomba. Mtu aliyekuwa na jibu alikuwa amesimama kando ya bwawa na filimbi shingoni, na hakuwa mjumbe wa kamati. Sasa ni mjumbe.

Simu kwa walioondoka naiona kuwa hatua iliyofanya kazi kuliko zote, na ndiyo iliyogharimu kidogo zaidi. Bila hiyo, kamati ingeendelea kubishana kuhusu 60,000 na 75,000 huku watu wakiondoka kwa sababu ya bajaji na alama ya tiki. Bei ya bwawa timu haikuweza kuiamua peke yake. Saa ya kutoka, sare na desturi ya michango zote zilikuwa mikononi mwake tangu mwanzo. Sitaki kudharau michango. Mtu akifiwa, timu inayokaa kimya si timu. Ndiyo maana mfuko wa msiba umeingizwa ndani ya ada, ambako kila mtu ametoa sawa na hakuna wa kumtazama mwenzake.

Yapo ninayoyaona hayajakaa sawa. Leni mbili zilizoachwa ziliwaumiza wanaojifunza. Zamani walikuwa na leni mbili za pembeni, penye ukingo wa kushika. Sasa wamebaki na moja, na jioni ya watu wengi wanaogelea wakigusana miguu. Watatu walioanza Julai hawakumaliza Septemba, na mmoja alisema wazi kwamba aliona anawazuia wengine. Nafuu ya 20,000 kwa kipindi ilipatikana, kwa sehemu, kwenye nafasi ya watu wasio na sauti kikaoni. Hilo halionekani kwenye daftari la mweka hazina, ambalo linaonyesha ziada.

Ramadhani pia haijajaribiwa chini ya utaratibu huu. Nusu ada itasaidia, lakini theluthi ya timu ikisimama kwa mwezi mmoja, ziada ya miezi kadhaa inaondoka kwa pamoja. Mweka hazina ameiomba shule mkataba wa mwezi huo uwe na vipindi vichache, vyote vya Jumamosi na Jumapili asubuhi, na jibu halijatolewa.

Wakati ninaandika, katibu anazungumza na kile kikundi cha mbio tatu kuhusu kuazima leni moja ya pembeni siku za Jumamosi, saa ambayo wao huwa barabarani na baiskeli. Wametaka 10,000 kwa kipindi. Kamati itaamua kama pesa hizo zitoke kwenye ziada au kama mkopo umalizwe kwanza, na kocha ameshasema kura yake iko wapi: leni kwanza.